Bakuli Jeupe Mezani pa Mandari



Majira ya joto yamekwisha kutanda hapa Ohio, na kama ilivyo desturi ya parokia nyingi za nchi hii, tumo katika maandalizi ya mandari ya parokia. Akina baba wamegawana zamu za kuchoma nyama. Akina mama wa jumuiya yetu ya Kiswahili wameahidi pilau na sambusa. Nao waamini wenyeji, hasa wazee waliobatizwa katika kisima kile kile tunachobatizia leo, wataleta kile walicholeta miaka yote: bakuli kubwa lenye kitu cheupe, laini, kitamu, ambacho wao hukiita saladi.

Juu ya bakuli hilo tunapenda kuandika juma hili. Msicheke. Katika kikao cha maandalizi limezua maneno mengi kuliko paa la kanisa linalovuja, na waliohudhuria wanajua kwamba hatutii chumvi. Vijana wa kamati walipendekeza kwamba safari hii saladi hiyo iachwe, na mahali pake iwekwe nyingine waliyoiita ya watu wazima: machungwa mabichi, nazi iliyokaangwa kidogo, krimu halisi, na ramu ya kuchangamsha. Wazee wawili watatu walinyamaza kimya. Ukimya wa mzee kikaoni, sisi tuliolelewa Afrika tunaufahamu vizuri, si ishara ya kukubali.

Kwa ajili ya wale waliofika nchi hii karibuni, yafaa kueleza kwanza. Kwetu neno saladi hutuletea akilini kachumbari: nyanya, vitunguu, ndimu, pilipili kwa mwenye kuipenda. Katika majimbo ya kati na ya kusini ya Marekani, saladi yaweza pia kuwa tamu kama keki. Fungueni vitabu vile vya mapishi ambavyo akina mama wa parokia za hapa wamekuwa wakivikusanya na kuviuza ili kutunisha mfuko wa kanisa, mtaona sura nzima ya saladi isiyo na jani hata moja. Kuna ya rangi nyekundu iliyogandishwa kwa jelatini. Kuna ya kijani, yenye unga wa pistachio na nanasi la kopo, iliyopewa jina la Watergate, yaani lile lile la kashfa iliyomng'oa Rais Nixon madarakani mwaka 1974. Na kuna hii nyeupe, iitwayo ambrosia: vipande vya machungwa au machenza ya kopo, nanasi la kopo, nazi iliyotiwa sukari, cheri, krimu ya kopo au ya mtungi wa plastiki, na mashimelo, vile vipande vya peremende laini mithili ya pamba. Huliwa pamoja na nyama, katika sahani moja, bila aibu.

Jina lenyewe ni la Kiyunani. Katika visa vya kale vya Wayunani, ambrosia ilikuwa chakula cha miungu yao, na neno hilo lina maana ya kutokufa. Ni jina zito kwa chakula cha mashimelo, nasi wenye Ekaristi, ambayo Mtakatifu Ignasi wa Antiokia aliiona kuwa dawa ya kumwokoa mwanadamu na kifo, twaweza kutabasamu kidogo. Lakini tuwaachie wapishi majina yao.

Kilichotugusa zaidi ni historia yake. Mapishi ya ambrosia yanapatikana katika kitabu cha Maria Massey Barringer wa North Carolina, kilichochapishwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Humo mna machungwa, nazi iliyokunwa na sukari, vikipangwa tabaka juu ya tabaka. Basi. Hakuna krimu, hakuna mashimelo, hakuna kopo. Machungwa na nazi vilitoka mbali siku zile, kwa meli na baadaye kwa reli, na kwa familia nyingi za kusini kilikuwa chakula cha Noeli, kilicholiwa mara moja kwa mwaka katika bakuli la kioo ili tabaka zionekane. Anayekuna nazi kila juma kwa ajili ya tui hataona ajabu. Lakini mfikirieni mama wa bara la Carolina aliyeipata nazi moja mwezi wa Desemba, akaivunja kwa nyundo mbele ya watoto wake.

Mengine yote yaliongezwa baadaye, tena kiwandani. Jell-O ilianzia katika mji wa LeRoy, jimbo la New York, mwaka 1897. James Dole alianzisha kampuni yake ya mananasi huko Hawaii mwaka 1901, na nanasi la kopo likaingia kila jiko. Mashimelo madogo madogo yalipata kuenea baada ya Alex Doumak kubuni, katika miaka ya 1950, mtambo wa kuyasukuma kama kamba ndefu na kuyakatakata. Cool Whip ilianza kuuzwa mwaka 1966. Kwa hiyo bakuli jeupe ambalo wazee wetu wanalipenda kama urithi wa mababu, kwa umbo lake la sasa, lina umri wao wenyewe. Na saladi ya machungwa na nazi ambayo vijana wanaileta kama jambo jipya, tukiiondolea krimu na ramu, ndiyo ile ya zamani kabisa.

Hapa tunaomba tusimame kidogo, maana jambo hili hutokea pia nje ya jiko. Mara ngapi tumesikia mtu akitetea jambo fulani kanisani kwa kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, kumbe zamani hiyo ni utoto wake? Na mara ngapi mwingine amelifuta jambo kwa kuliita la kizamani, huku analolileta yeye lilikuwako kabla babu yake hajazaliwa? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Perfectae Caritatis ya mwaka 1965, uliwataka watawa wahuishe maisha yao kwa kurudi kwenye chemchemi, yaani Injili na roho ya waanzilishi wao. Mashirika yaliyofanya hivyo kwa uaminifu yaliona kwamba baadhi ya taratibu walizozidhani ni za mwanzilishi zilikuwa zimeongezwa karne nyingi baada yake. Tena waliona kwamba baadhi ya nyongeza hizo zilikuwa na sababu njema. Kurudi kwenye chemchemi ni kazi ya kupambanua, nayo haifanywi kwa dharau.

Twasema hivyo kwa sababu katika kikao kile palikuwa na dharau kidogo. Kulisemwa kwamba chakula cha kopo ni cha watu wasiojua kupika. Si kweli, na tuna ushahidi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunja protini. Ukilichanganya na krimu au mtindi na kuuacha mchanganyiko huo kwa saa kadhaa, maziwa huwa machungu. Ukilitia katika jelatini, haigandi kamwe. Nanasi la kopo limepashwa moto, na kimeng'enya kile kimekwisha nguvu. Bibi zetu wa Ohio hawakuhitaji kulijua jina la kimeng'enya ili kujua kwamba saladi iliyotayarishwa Jumamosi usiku lazima iwe ya kufaa Dominika mchana. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi viwandani au shambani, wakilea watoto sita au saba, na bado hawakukubali kuja kanisani mikono mitupu. Lile kopo liliwapa nafasi ya kuja na kitu.

Wengine miongoni mwetu tunaelewa zaidi kuliko tunavyokiri. Zipo familia katika jumuiya yetu ambazo watoto wao walizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Waulizeni vijana hao chakula gani wanakikumbuka. Wazazi watawajibu samaki wa Ziwa Tanganyika na sombe ya nyumbani, wakivuta pumzi. Vijana watawatajia ugali wa unga wa mgao na zile dengu za njano ambazo kila mtu kambini alikuwa akizilalamikia. Wanazikumbuka kwa hamu! Kumbukumbu haichagui kilicho bora. Huchagua kilichokuwako pale tulipopendwa. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani walilia wakikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri, wakisahau fimbo za wasimamizi. Mara nyingi tumehubiri dhidi yao. Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakuwanyima chakula kwa ajili ya kulia huko, ingawa aliwakasirikia, na sisi si wakali kuliko Mungu.

Je, tuiache saladi ilivyo? Hapana. Maoni yetu ni kwamba vijana wana haki katika jambo kubwa: iko ladha ya utotoni na iko ladha ya utu uzima, na Mtume Paulo, alipowaambia Wakorintho kwamba alikwisha kuyaacha ya kitoto, alikuwa akisema jambo la kawaida la maisha. Ulimi wa mtoto hutafuta utamu mtupu. Ulimi wa mtu mzima huanza kupenda uchachu, uchungu kidogo wa ganda la chungwa, chumvi inayoutia utamu adabu. Mwenye kisukari, nao ni wengi katika parokia yetu, hufurahi zaidi. Aidha, mashimelo ya hapa kwa kawaida hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe, na miongoni mwa majirani tunaowaalika wamo Waislamu wa pwani yetu na wa Somalia. Ni vyema pawepo bakuli ambalo jirani hatalazimika kulichunguza.

Basi hivi ndivyo ambavyo tungeitengeneza sisi, na mwenye ujuzi zaidi atusahihishe. Kwa watu wanane, chukua machungwa makubwa 6. Yamenye kwa kisu kikali hata ile ngozi nyeupe iondoke yote, kisha toa kila kipande kutoka katika utando wake, juu ya bakuli ili maji yasipotee. Kazi hii inachosha, na hapo ndipo mtu anapotambua kwa nini kopo lilipendwa. Kuna nazi moja iliyokomaa; msiikamue, maana hapa tui linabaki ndani ya nazi. Asiye na kibao cha mbuzi atapata nazi iliyokunwa na kugandishwa katika maduka ya Wahindi, lakini asinunue ile iliyotiwa sukari. Panga tabaka ya machungwa, tabaka ya nazi, na kijiko kimoja tu cha sukari pamoja na chumvi kidogo sana, hadi bakuli lijae. Mwagia maji ya machungwa yaliyobaki. Iache katika jokofu saa tatu au nne. Anayetaka weupe na ulaini atengeneze kando mchanganyiko wa krimu iliyopigwa na mtindi mzito uliochujwa, nusu kwa nusu, kila mtu ajiwekee. Nanasi bivu likatwe na kutiwa dakika za mwisho, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Lozi au pecan zilizokaangwa zinyunyizwe juu wakati wa kula. Mama mmoja wa jumuiya amependekeza iliki. Tulipinga mwanzoni kwa ajili ya heshima ya mapishi ya mwaka 1867, halafu tukaonja, na hatupingi tena.

Imebaki ramu, na hapa hatuna utani.

Kanisa Katoliki halijapata kuwa adui wa divai. Bwana wetu aliigeuza mitungi sita ya maji huko Kana, na katika kila Misa tunatolea divai. Tunachokipinga ni wazo kwamba chakula huwa cha watu wazima kwa kutiwa pombe. Wazo hilo limeenea mno katika nchi hii, na hata kwetu Afrika linaingia kwa kasi: chochote kilichoandikwa kuwa cha watu wazima, ujue kimetiwa kileo. Utu uzima ungekuwa rahisi kama hivyo, wangekuwa wachache wasioupata. Tena ramu katika saladi isiyopikwa haiendi popote. Haivukizwi na moto, kwa kuwa moto haupo. Imejificha chini ya krimu na sukari, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuitambua, wala mama mjamzito, wala mzee anayetumia dawa zisizopatana na pombe.

Wala hawezi kuitambua yule aliyeacha kunywa. Kila juma, katika ukumbi wa chini ya kanisa letu, hukutana watu ambao hatuwataji majina wala hatuwahesabu. Wengine ni waamini wetu, wengine si Wakatoliki. Mnakuta kahawa yao imebaki katika birika. Wapendwa, mkumbuke mnaishi katika jimbo gani. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza hapa hapa Ohio, mjini Akron, mwaka 1935, kwa kukutana kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith. Na mwaka 1939, wakati hospitali zilikuwa hazitaki kupokea walevi, mtawa mmoja, Sista Ignatia wa Shirika la Masista wa Upendo wa Mtakatifu Agostino, alianza kuwapokea katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo. Mgonjwa wa kwanza alimwandikisha kuwa anaugua tumbo, ili asifukuzwe mlangoni. Walipotoka, aliwapa kila mmoja beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na akawataka waahidi kwamba kabla ya kunywa tena watakuja kwanza kumrudishia. Huyo ni jirani yetu. Tunawezaje sisi, mwendo wa saa chache tu kutoka mlango ule, kuweka mezani bakuli ambalo kijiko chake kimoja chaweza kumrudisha mtu alikotoka kwa machozi?

Mtu atasema kwamba kijiko kimoja cha ramu ni kitu kidogo. Kwa aliyesema, ni kidogo. Kanisa lenyewe, hata altareni ambako divai ni lazima kwa adhimisho, limemfikiria mtu huyu. Barua ya Shirika la Mafundisho ya Imani ya tarehe 24 Julai 2003, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, inaeleza kwamba askofu aweza kumruhusu padre asiyeweza kutumia divai ya kawaida atumie mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umezuiwa, bila kuibadilisha asili yake. Ikiwa kwa ajili ya padre mmoja dhaifu Mama Kanisa aliyatafakari maneno yake juu ya Sakramenti iliyo kuu kuliko zote, sisi tutashindwaje kuacha chupa nyumbani kwa ajili ya saladi?

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na halmashauri ya walei, tumeamua hivi. Mabakuli yote mawili yatakuwepo, la kale zaidi na la kale kidogo, kando kwa kando, na kamati haitampangia yeyote lipi aanze nalo. Wazee wataleta lao kama kawaida, na vijana watatengeneza lile la machungwa na nazi. Tungefurahi sana kama wangewaomba wale bibi wawili wawaonyeshe namna ya kuimenya ngozi nyeupe bila kupoteza nusu ya chungwa, kwa maana wanajua. Hakuna chakula chenye kileo kitakachowekwa katika meza ya pamoja, na kila bakuli liwe na karatasi ndogo inayotaja vilivyomo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, pamoja na njugu na jelatini. Vyakula vyenye krimu viwekwe juu ya barafu. Visikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu.

Wanaoweza kusaidia wafike ukumbini Jumamosi saa kumi jioni, baada ya maungamo. Kibao cha mbuzi tunacho kimoja, na mwenye kingine akilete. Machungwa ya kumenya ni sitini, na visu vikali tulivyo navyo ni vinne.